Ratiba ya rangi nne na dhana nyingine za Januari

Nilipoingia kidato cha kwanza nilichora ratiba ya rangi nne: saa kumi alfajiri hesabu, saa kumi na moja fizikia, jioni kemia. Nikaipigilia msumari juu ya kitanda. Februari haijafika katikati, msumari uleule ulikuwa unabeba shati la shule, ratiba imejificha nyuma yake.

Dhana: "Jikaze siku 21 tu, utazoea."

Hiyo 21 haikutoka darasani. Ilianzia kwa Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia ndogondogo. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2010, yalionyesha kuwa mtu wa katikati, yaani nusu wakimtangulia na nusu wakimfuata, alihitaji siku 66 kuzoea. Kuna wa 18, kuna aliyekadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Tena kila tabia iliunganishwa na jambo la kila siku, kama kumaliza kifungua kinywa. Ndiyo maana naona "nikishaosha vyombo vya usiku nafungua hesabu" inashika kuliko "saa 2:15 kamili". Umeme hukatika, vyombo vichafu havikosekani.

Dhana: "Rudia notisi mpaka ziingie."

Hii ndiyo inayotumaliza. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Wengine walisoma na kurudia, wengine walisoma kisha wakaandika walichokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika tano, waliorudia walishinda. Baada ya wiki moja, waliojijaribu wakawaacha mbali. Kumbe ule wepesi unaousikia ukisoma notisi mara ya tatu ni macho tu yamezoea ukurasa.

Kwetu Tanzania kuna kikwazo cha ziada: mtoto wa shule ya msingi ya Kiswahili anakutana na masomo yote kwa Kiingereza kidato cha kwanza, basi anameza. Atakughania definisheni ya densiti (tungamo la kitu kwa ujazo wake) bila kukosa hata nukta. Muulize kwa nini mafuta ya kula yanaelea juu ya maji kwenye sufuria: kimya. Afunge daftari, ajieleze kwa Kiswahili mpaka aelewe, ndipo aandike kwa Kiingereza kwenye karatasi tupu. Dakika kumi zinatosha, siku hiyohiyo, kisha tena baada ya siku chache.

Dhana: "Wenye akili hupiga msuli mpaka majogoo."

Usingizi ndio unaosaidia ubongo kushikilia ulichosoma. Ukiukata, unakata na kazi ya mchana. Nilishajaribu ule ujanja wa bweni wa kutumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi. Nililala hivyohivyo nimeegemea meza, nikaamka vidole vimekunjamana kama vya dobi.