Chumba cha Kigothi darini: kopo jeusi weka pembeni

Mteja akiniambia anataka chumba chake cha darini kiwe cha Kigothi, kitu cha kwanza ninachomnyang'anya ni kopo la rangi nyeusi. Wengi hudhani Ugothi, mtindo wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati wenye matao ya ncha, ni giza na mafuvu. Kumbe waashi waliouanzisha walikuwa wakilifukuza giza: upande wa altare wa kanisa la Saint-Denis, karibu na Paris, uliowekwa wakfu mwaka 1144, ulijengwa ili kuta zipungue na vioo vya rangi viongezeke.

Darini, nusu ya kazi imeshafanywa na fundi wa paa. Pande mbili za paa zinazopanda hadi kukutana kwenye mwamba, ule mti wa juu kabisa, tayari zina ncha ya Kigothi. Usiizibe kwa dari bapa ya jasi. Kombamoyo zikiwa wazi, zikoleze kahawia; macho yatapanda nazo.

Wala usione haya kughushi. Mwandishi Mwingereza Horace Walpole alipoanza mwaka 1749 kuigeuza nyumba yake ya Strawberry Hill, kule Twickenham, Uingereza, ukumbi wake aliubandika karatasi zilizochorwa nakshi za mawe, na dari ya sebule yake ndefu ikafinyangwa kwa karatasi iliyopondwa, kuiga kanisa dogo la mfalme Henry VII ndani ya abasia ya Westminster, London. Basi na wewe plaiwudi yatosha.

Tao la kichwani mwa kitanda hulichora hivi. Kitanda kina upana wa sentimita 140? Piga misumari miwili kwenye mstari mmoja, umbali huohuo. Funga uzi wenye penseli kwenye msumari wa kushoto, uvute hadi ule wa kulia, kisha pandisha penseli ukizungusha. Rudia kutoka kulia. Mikunjo miwili itakutana juu, kama sentimita 121 kutoka kwenye mstari. Chora kwanza kwenye karatasi, uiegemeze ukuta wa mwisho, ule wa pembetatu, ndipo ushike msumeno.

Rangi ya kuta chagua damu ya mzee, biringanya au kijani cha chupa, lakini isiyong'aa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipaka ya kung'aa kwenye mteremko wenye dirisha la paa. Asubuhi jua likapita sambamba na ukuta, kila kiraka cha plasta kikatokeza kama upele. Nikapiga msasa upya siku mbili, bila malipo, na nilistahili.

Mahameli nayo haifai dirishani hapo, kwa sababu pazia huning'inia wima, halifuati mteremko. Itundike nyuma ya kitanda, na dirisha ulipe pazia la kuviringisha linalopita kwenye reli. Taa ziwe chini, balbu za kelvini 2700, yaani zenye mwanga wa manjano. Kisha pima dirisha linavyofunguka, na mahali lisipogusa ning'iniza kipande cha kioo chekundu kwa mnyororo mwembamba. Jua likifika, doa lake hutambaa polepole kutoka kwenye mto wa kulalia hadi miguuni pa kitanda.