Damu ikipungua kwenye ini la mnyama: maswali na majibu

Kwani ini hupata damu kutoka wapi?

Kwa njia mbili. Ateri huleta damu yenye oksijeni nyingi, lakini hiyo ni kama robo tu ya damu yote inayoingia. Robo tatu huletwa na vena inayokusanya damu ya tumbo, utumbo, kongosho na bandama. Damu hiyo imekwisha kupungua oksijeni, ila imebeba virutubisho na insulini.

Njia moja ikipungua, nyingine haifidii?

Hufidia nusu nusu. Damu ya vena ikishuka, ateri hutanuka, na seli nyingi huponea hapo. Lakini ateri haiwezi kuleta kile kilichotoka kwenye kongosho na utumbo. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani ini linataka oksijeni tu. Kwa panya, tawi moja la vena hiyo likifungwa, upande uliokosa damu yake hunywea, na upande wa pili hukua.

Mbwa wangu ana mshipa unaolikwepa ini tangu kuzaliwa. Ndiyo haya?

Ndiyo haya. Huonekana sana kwa mbwa wadogo kama Yorkshire Terrier na Maltese. Ini hubaki dogo, na amonia, sumu inayotokana na protini kuvunjwa utumboni, hupita bila kusafishwa hadi kwenye ubongo. Mnyama hudumaa, huzubaa hasa baada ya kula, huzunguka duara au husukuma kichwa ukutani. Paka hutokwa mate mengi. Mwaka 1893 mwanafiziolojia Mrusi Ivan Pavlov na wenzake walieleza hali kama hiyo kwa mbwa waliounganishwa mishipa ili damu ilikwepe ini: wakila nyama, waliugua. Hata hivyo, tafadhali usimnyime protini kwa uamuzi wako mwenyewe. Anaihitaji ili misuli isiishe, na daktari wa mifugo ndiye wa kupanga kiasi.

Na damu ikipungua ghafla?

Kama kwa kuvuja damu nyingi au joto kali la mwili. Seli zilizo mwisho wa njia ya damu ndani ya ini, zinazopata masalio ya oksijeni, hufa kwanza. Vimeng'enya vyake humwagika, ndiyo maana kipimo cha damu cha ALT, kimoja cha vimeng'enya hivyo, hupanda. La kusikitisha ni kwamba hata damu inaporudi, oksijeni inayoingia kwa kishindo huweza kuongeza madhara.

Ini lililonywea hukua tena?

Mara nyingi, damu ikirudishwa. Daktari wa upasuaji huuvika mshipa ule wa kukwepa pete yenye kaseini, protini ya maziwa, ambayo hufyonza maji na kuvimba, ukabanwa polepole kwa wiki kadhaa. Ukifungwa mara moja, ini dogo huzidiwa, presha ikapanda kwenye mishipa ya utumbo, na mnyama anaweza kufa.

Nikimwona anasukuma kichwa ukutani, nisubiri kesho?

Hapana. Mpeleke leo.