Namba tisa hana kosa: kwa nini Stars inaishia bao moja

Tangu Madagascar waitoe Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya Kenya, katika robo fainali ya CHAN uwanjani Kasarani tarehe 22 Agosti 2025, sipiti baraza hapa Malindi, iwe Shella, Maweni au Barani, bila kurushiwa swali lilelile: "Kocha, hawa vijana kwani hawalioni goli?" Wanaliona, tena vizuri tu. Wanaliona kutoka pembe mbaya, wakiwa peke yao, na mpira umeshachelewa kufika. Hayo ndiyo nataka kuyaeleza leo, maana kelele za kumtukana namba tisa, yaani straika, zimenichosha.

Kazi yangu ni kufundisha watoto mpira. Ya pili, isiyolipa hata nauli ya tuktuk, ni kurudia mechi iliyokwisha chezwa nikiwa na daftari, nikiweka alama mahali kila shuti lilipopigwa na mahali pasi ya mwisho ilipotoka. Na mimi ni shabiki wa Harambee Stars tangu utotoni, kwa hiyo ninayoyasema yana hasira ndani yake. Mtanisamehe.

Kwenye CHAN ile, kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nyumbani, tulicheza mechi tano tukafunga mabao matano, moja kila mechi. DR Congo 1-0, Angola 1-1, Morocco 1-0, Zambia 1-0, kisha 1-1 na Madagascar hadi dakika 120, tukang'olewa kwa penalti 4-3. Hakuna siku tuliyopata la pili. Sisemi mashindano yalikuwa mabaya. Ilikuwa mara yetu ya kwanza CHAN, tuliongoza kundi, na Morocco tuliyemfunga ndiye aliyeondoka na kombe. Mabeki walikaza, kipa alikaza, na mechi za Angola na Morocco tulizimaliza tukiwa kumi uwanjani. Heshima yao naiweka pembeni, wala siigusi.

Lakini yachambue yale mabao matano. La Angola lilikuwa penalti ya Austin Odhiambo. La Madagascar alifunga beki, Alphonce Omija, kwa kichwa kutoka kona. Yanabaki matatu tu yaliyotokana na mpira unaotembea: la Odhiambo dhidi ya DR Congo, na mawili ya Ryan Ogam dhidi ya Morocco na Zambia. Matatu katika mechi tano, tena nyumbani.

Jibu la haraka barazani ni kwamba straika wetu Michael Olunga hakuwepo, kwa kuwa anacheza nje na CHAN ni ya ligi za nyumbani pekee. Haya, tumrudishe Olunga. Kwenye mechi sita za kufuzu AFCON 2025, kundi moja na Cameroon, Zimbabwe na Namibia, Olunga tulikuwa naye. Tulifunga mabao manne, mechi tatu kati ya hizo hatukufunga kitu, na AFCON hatukwenda. Huyu ndiye mtu aliyefunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani mwaka 2020 akiwa na Kashiwa Reysol, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Mwaka mmoja kabla yake, katika daraja la pili, alipachika mabao 8 peke yake siku Kashiwa ilipoinyuka Kyoto Sanga 13-1. Miguu ni ileile. Haiwezekani iwe na shabaha Japani halafu iipoteze ikivaa jezi ya Kenya.

Kumlaumu straika asiyeletewa mpira ni kumlaumu mpishi kwa wali mbichi na makaa hayajafika jikoni.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, na tuanze na hesabu ambayo mtoto wa darasa la nane anaimudu. Goli lina upana wa mita 7.32. Simama kwenye nukta ya penalti, mita 11 kutoka mstari: milingoti miwili inakufungulia pembe ya karibu digrii 37. Rudi nyuma hadi mita 25, ukiwa bado katikati, pembe inashuka hadi kama digrii 17. Halafu nenda kwenye kona ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, pale winga wetu akishika mpira jukwaa zima linapiga kelele "Piga! Piga!" Hapo umebakiwa na digrii 10. Na bado hujamhesabu kipa, wala beki aliyeinua mguu mbele yako. Wachambuzi wa mpira wamelipima jambo hili kwa maelfu ya mashuti katika ligi nyingi na picha ni moja: penalti huingia karibu mara tatu kati ya nne, lakini shuti la nje ya kumi na nane linahitaji kupigwa mara ishirini au zaidi ndipo utarajie bao moja. Kwa hiyo kijana akiachia kombora la mita 28 likapaa juu ya mwamba, usiseme ana bahati mbaya. Amepata alichostahili kupata.

Basi swali si nani apige, bali mpira ufikaje pale kwenye digrii 37.

Njia tunayoipenda Wakenya ni majalo, yaani krosi za juu. Winga au beki wa pembeni anafika usawa wa kumi na nane, hajafika mstari wa mwisho, anainua kichwa, anamimina. Inapendeza machoni. Ila mwangalie beki wa kati wa wapinzani wakati huo. Mwili wake umeelekea mpira, anamwona straika kwa jicho la pembeni, na mpira unamjia usoni. Anachotakiwa kufanya ni kuruka na kuusukuma urudi ulikotoka. Straika wetu naye anatakiwa aruke, apindishe shingo, aubadilishe mwelekeo mpira unaokuja kwa kasi, na aulenge. Kichwa kina nafasi ndogo ya kufunga kuliko mguu kutoka umbali uleule, hilo nalo limepimwa. Tunachagua njia inayomrahisishia beki, halafu tunashangaa beki akishinda.

Njia ya pili ni ile ninayoipigania mpaka wazazi wengine wananiona nina kichaa: mpira ufikishwe hadi mstari wa mwisho, ndani ya kumi na nane, kisha urudishwe nyuma chini chini kuelekea nukta ya penalti. Hapo mambo matatu yanatokea kwa pamoja. Mabeki wote wanalazimika kukimbia kuelekea goli lao, na mtu anayekimbia hivyo hamwoni anayekuja mgongoni mwake. Kipa anavutwa kwenye mlingoti wa karibu, anaacha goli nusu wazi. Na anayeupokea mpira uso wake umeelekea goli, mpira unabingirika kumjia, anaupiga kwa ndani ya mguu bila kuutuliza. Halafu kuna zawadi ya sheria ambayo wachezaji wengi wa mitaani hawaijui: ukiwa nyuma ya mpira wakati pasi inatolewa, huwezi kuwa umeotea, hata kama mbele yako amebaki kipa peke yake. Mshika kibendera hana la kuinua.

Mbona basi hatufanyi? Kwa sababu kufika mstari wa mwisho kunahitaji watu wawili upande mmoja, na mmoja wao lazima akimbie bila mpira. Winga anamvuta beki nje, kiungo anapenya katikati ya beki wa pembeni na beki wa kati, pasi inapita, mchezo umekwisha. Sisi winga wetu akipata mpira, kiungo anasimama kumtazama atapiga chenga ngapi. Akipita mmoja anapigiwa makofi. Akimkuta wa pili ameshajipanga, mpira unarudi kwa beki, beki anampa beki mwenzake, unahamia upande wa pili, nako winga mwingine anaanza upya. Unaweza kuiona timu imemiliki mpira dakika nzima bila pasi hata moja kuingia katikati ya mistari ya wapinzani. Waliopaki basi, yaani waliorudi wote nyuma kulinda, hawaulizwi swali lolote, wanasogea hatua tatu kushoto na hatua tatu kulia.

Na tukisema ukweli, kuna suala la idadi. Siku ya Madagascar nilisimamisha picha kila mara mpira ulipokuwa pembeni na nikatazama ndani ya kumi na nane. Mara nyingi mno nilimkuta wetu mmoja, au mmoja na mwingine anayetembea kuja. Dhidi ya watatu au wanne, huyo mmoja hata angekuwa kocha McCarthy mwenyewe enzi zake za kucheza asingetoboa. Hapo ndipo moyo unaniuma zaidi, kwa sababu Benni McCarthy ni mfungaji bora wa wakati wote wa Afrika Kusini, alibeba Ligi ya Mabingwa na Porto mwaka 2004, na kabla ya kuja kuinoa Stars Machi 2025 alikuwa Manchester United akiwanoa washambuliaji. Hatuna uhaba wa mwalimu wa kufunga. Tuna uhaba wa watu wa kuingia.

Shambulizi lililokamilika linataka wanne wakati mpira unafika pembeni: mmoja anawahi mlingoti wa karibu, mmoja anakwenda wa mbali, mmoja anachelewa makusudi akae kwenye nukta ya penalti, na wa nne anabaki ukingoni mwa kumi na nane kuokota mpira uliopanguliwa. Yule wa mlingoti wa karibu hafungi mara nyingi. Anakwenda pale kumburuta beki aondoke njiani, na kesho gazetini hatatajwa. Kumpata kijana wa miaka kumi na tisa anayekubali kukimbia mita thelathini ili mwenzake aandikwe si kazi ndogo, nawaambia.

Mtu ataniuliza kuhusu Septemba 2025, tulipoipiga Seychelles 5-0, Olunga na Ogam wakiwa pamoja. Nilifurahi kama wewe. Siku nne kabla yake Gambia walitufunga 3-1 palepale Kasarani. Oktoba tukaifunga Burundi 1-0, kisha Ivory Coast wakatuchapa 3-0 kwao. Seychelles ni miongoni mwa timu dhaifu kabisa barani, na nafasi waliyotuachia huipati kwa wengine. Ukitaka kujua ugonjwa wa timu, usiupime siku ya karamu.

Chanzo kiko wapi? Nitasema ninachokiona kiwanjani kwangu. Watoto wetu wanajifunzia kwenye mchanga. Pasi ya chini ya mita kumi na tano inakufa njiani, kwa hiyo mtoto mwenye akili anajifunza mapema kuuinua mpira. Kiwanja hakina mistari, au kina mistari ya majivu inayofutika kabla ya mapumziko, na mtoto ambaye hajawahi kuuona mstari wa kumi na nane hana namna ya kujua kona yake ni mahali pabaya pa kupigia. Halafu kuna upepo wa kusi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane upepo hapa Malindi unavuma alasiri nzima, na krosi ya juu inakwenda unakotaka upepo. Ungetarajia hilo lingetufundisha kucheza chini. Wapi! Tunaendelea kuinua na kulaani upepo.

Kuna mzee mmoja, shabiki wa tangu enzi za redio, huja kutazama mazoezi kila Alhamisi. Juzi alinishika mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, mbona umewakataza watoto kupiga krosi? Winga bila krosi ni winga gani huyo?"

Nikamweleza kwamba sikuwakataza, nimebadilisha malipo. Nimepanga koni mbili kila upande, hatua chache kutoka mstari wa mwisho. Bao lililotokana na pasi iliyotolewa ndani ya koni hizo ni mawili. Bao la shuti la mbali ni moja, wala sitoi pongezi. Na bao halihesabiwi hata likiwa zuri vipi kama hawajaingia angalau watatu ndani ya kumi na nane. Mchangani tunacheza maji ya bahari yakiwa yametoka, pale ukingoni ambapo mchanga ni mgumu na umelowa, kwa sababu hapo mpira unabingirika. Mwanzoni walilalamika kwamba wanakimbia bure. Sasa wamegundua kwamba anayechelewa kwenye nukta ya penalti ndiye anayefunga, na wanagombania kuchelewa, jambo ambalo limeniletea tatizo jipya: hakuna anayetaka mlingoti wa karibu.

Mzee akatazama kidogo, akasema, "Lakini krosi ilikuwa tamu." Sikubishana naye.

AFCON 2027 tutakuwa wenyeji pamoja na Tanzania na Uganda, kwa hiyo muda wa kurekebisha haya upo ila si mwingi. Stars wakicheza tena, wewe uliye kwenye banda la video, jaribu kitu kimoja. Mpira ukifika kwa winga, usimtazame winga. Tupa macho ndani ya kumi na nane, hesabu jezi zetu, andika namba kwenye karatasi, kisha endelea kushangilia. Fanya hivyo dakika 90. Karatasi hiyo njoo nayo barazani, tubishane tukiwa na kitu mkononi, na jina la namba tisa liwe la mwisho kutajwa.