Unataka kujifunza modeli za kompyuta za mazingira? Anza na Ihefu, programu baadaye

Vijana wengi wanaokuja kwetu kuulizia modeli za kompyuta swali lao la kwanza ni lilelile, nianze na programu gani, na wengine tayari WEAP au SWAT (programu za kukokotoa maji ya mito na mabonde) iko kwenye laptopu, kapewa na rafiki kwa flashi, kabonyezabonyeza wiki nzima mpaka ikatoka grafu ya rangi nzuri tu, ila ukimuuliza huu mstari hapa umeshuka kwa nini, kimya. Leo tuongelee hicho kimya. Mfano nautoa hapahapa nyanda za juu kusini, bonde la Usangu lenye chepechepe la Ihefu, sababu vitabu vingi vya kujifunzia vinakupa ziwa la Marekani lenye samaki ambao hujawahi kuwaona.

Modeli yenyewe haina uchawi. Unaandika nini kinaingia kwenye mfumo, nini kinatoka, ndani kimebaki kiasi gani, unasogeza muda kidogo unapiga hesabu tena, unasogeza tena. Kompyuta inakusaidia tu kurudia hiyo hesabu mara elfu bila kuchoka. Kuna Mwingereza anaitwa Lewis Fry Richardson, wakati wa vita vya kwanza vya dunia alikuwa Ufaransa anaendesha gari la wagonjwa, huku anapiga kwa mkono hesabu za kutabiri hali ya hewa ya masaa 6, akazichapisha 1922. Jibu lilikosea vibaya sana, mgandamizo wa hewa ulitoka umebadilika milibari 145 wakati uhalisia haukubadilika karibu kitu, na tatizo kubwa lilikuwa data alizoanzia hazikuwa zimetulia, njia yenyewe ilikuwa sahihi na ndiyo mamlaka za hali ya hewa wanaitumia mpaka leo. Kwahiyo asikwambie mtu kwamba bila mashine kali huwezi kuanza.

Sasa chukua karatasi. Chora duara kubwa liite Ihefu, lile eneo la chepechepe upande wa mashariki wa Usangu. Mishale inayoingia ni mito kama Ruaha Mkuu, Mbarali, Kimani na Chimala inayoshuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, halafu Ndembera unatokea upande wa Mufindi. Ongeza mshale wa mvua inayonyesha juu ya bwawa lenyewe, yaani hiyo Ihefu. Inayotoka ni miwili tu, jua linalokausha maji (mvukizo) na mto unaotokea Ng'iriama kuelekea hifadhi ya Ruaha na baadae bwawa la umeme la Mtera. Maji ya ardhini yaache kwanza, ila andika pembeni kwamba umeyaacha, kuna siku utayahitaji.

Hapo Ng'iriama ndipo penye utamu wote. Kuna mwamba. Maji hayatoki mpaka kina kipande juu ya ule mwamba, ni kama karai lililotobolewa karibu na ukingo badala ya chini kwenye kitako, maji yanaweza kuwepo ndani mengi tu na tundu likawa kavu kabisa. Mtu ambaye hajaiweka hiyo kanuni kwenye modeli yake atapata mto unaopungua taratibu mwaka mzima bila kukauka, wakati tunajua tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Mstari mmoja wa "kama kina ni chini ya mwamba, kinachotoka ni sifuri" una faida kuliko menyu zote za programu kubwa.

Tuweke namba, hizi ni za mazoezi tu mtu asije akazipeleka kwenye kikao. Tuseme mwezi wa kumi bwawa limebaki kilomita za mraba 80 na jua linakausha milimita 6 kwa siku. Milimita 1 juu ya kilomita moja ya mraba ni kyubiki mita 1,000, hivyo 80 mara 6 mara 1,000 unapata 480,000 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, gawanya, inakuja kama 5.6 kwa sekunde. Yaani mito yote ikileta kyubiki mita 5 kwa sekunde jua linazimaliza zote na bado linakula akiba, Ng'iriama hapati hata tone. Na hapo hatujamgusa mkulima.

Haya mguse sasa. Swali ambalo kila mtu analiuliza, tukifunga mabanio yote ya mpunga (yale yanayochepusha maji ya mto kwenda mashambani) kiangazi mto utatiririka? Tuseme kufunga kunarudisha kyubiki mita 2 kwa sekunde, ambayo ni 172,800 kwa siku. Wengi wanadhani hizo 2 zitaonekana zote kule chini. Ila Usangu ni tambarare, maji yakiongezeka yanasambaa, na kila kilomita ya mraba inayoongezeka inakunywa 6,000 kwa siku, kwahiyo bwawa likitanuka kilomita 29 tu hizo 2 zimeisha njiani kabla hazijafika kwenye mwamba. Sisemi kwamba kufunga hakusaidii, inategemea bwawa lilikuwa na kina gani unapofunga, ukifunga mapema kabla kina hakijashuka chini ya mwamba jibu ni jingine kabisa. Tarehe ya kufunga inaweza kuwa na uzito kuliko kiasi unachofunga, na hilo mimi naona ndiyo sababu ya kutosha ya mtu kujifunza hii kazi, maana kwa kubishana tu mkutanoni huwezi kulifikia.

Miaka ya 90 mgao wa umeme ulipokuwa mkali lawama nyingi zilimwangukia mkulima wa Usangu. Watafiti walipokaa na hesabu wakaona Mtera inajazwa na maji ya masika, yale ya kiangazi ni kidogo sana kwa bwawa kubwa vile, na namna maji yalivyokuwa yanafunguliwa Mtera kwenda bwawa la umeme la Kidatu huko chini ilikuwa sehemu ya tatizo. Mtera ni megawati 80, Kidatu 204, na Mtera ndiyo ghala la Kidatu. Alafu Mtera haitegemei Usangu peke yake, inapokea pia Ruaha Mdogo unaopita Iringa na Kisigo. Wanyama wa hifadhini kiangazi ni habari nyingine, hao kweli wanaumia na maji ya kiangazi. Hizo ni kesi mbili, modeli inakulazimisha uzitenganishe.

Ukishakuwa na karatasi yako ndiyo uhamie Excel, kila safu siku moja, na baadae Python au R (lugha za kuandikia programu) ukiona safu zimekuwa nyingi. Tumia siku, usitumie mwezi. Ukipiga kwa mwezi, jua litatoa milioni 14.4 kwa mkupuo mmoja na kama bwawa lilikuwa na milioni 10 utapata maji hasi, nimeona ripoti yenye grafu inazama chini ya sifuri na aliyeandika hajashtuka. Mvua unaweza kuchukua CHIRPS, data za mvua zinazokadiriwa kwa satelaiti, ni bure, zinaanzia 1981, kila kisanduku kama kilomita 5, ila milimani huko linganisha kwanza na kipima mvua cha kweli. Ukubwa wa bwawa unauona kwenye picha za satelaiti za Landsat, nazo bure. Mtiririko wa mto una kituo Msembe ndani ya hifadhi, kimepimwa tangu miaka ya 1960, hizo data unaziomba Bodi ya Maji Bonde la Rufiji pale Iringa kwa barua.

Data ukizipata usizitumie zote kukaza modeli. Chukua za mpaka 1990, rekebisha namba zako mpaka mstari wa modeli ufanane na uliopimwa, halafu zilizobaki zifiche, iache modeli itabiri yenyewe. Kuna uwezekano mkubwa miaka ya baadae itakuambia mto upo wakati kituoni umekauka. Watu wengi hapo wanakata tamaa au wanaanza kuchakachua namba ili ifanane, mimi nasema hapo ndipo ukae, kwa sababu modeli yako ni ya bonde la zamani na hiyo tofauti inakuonyesha kitu kimebadilika juu, mifereji, eneo la mpunga, au mvua, na unavijaribu kimoja kimoja.

Na nenda Mbarali. Kaa na watu wa jumuiya za watumia maji wakuonyeshe banio linafunguliwa saa ngapi, maana kama zamu ni za usiku na wewe umepima mchana namba yako haina maana. Wakuonyeshe pia maji yanavyotoka kwenye majaruba ya juu yanarudi mfereji wa chini na kutumika tena, ukijumlisha kila banio linachochukua bila kujua hilo unaweza kukuta mpunga umetumia maji mengi kuliko mto ulivyokuwa nayo.

Baada ya hapo ongeza duara la pili, Mtera, na ukiona madoido yanazidi Excel ndiyo ufungue ile WEAP iliyokaa kwenye laptopu, ila achana na ya flashi, taasisi za serikali, vyuo na mashirika yasiyo ya faida kwenye nchi kama yetu wanapewa leseni bure, unajaza fomu tu. SWAT na QGIS (ya kuchora ramani) hizo hazina malipo kwa yeyote.