"Uzee tu huo": sivyo baada ya korona

Hapa Pemba husikika sana: bibi aliugua korona, homa ikaondoka, lakini hakukaa tena kwenye mbuzi akakuna nazi, wala hakuweza kuinuka mwenyewe kwenda kutawadha. Watu husema, "Uzee tu huo."

Uzee hauingii kwa wiki mbili. Aliyekuwa akienda kwa miguu yake Alfajiri msikitini, kisha baada ya maradhi akahitaji kushikwa mkono hadi chooni, amepatwa na jambo lenye sababu. Korona hushambulia mwili mzima, si mapafu peke yake, na mwili unaopambana hivyo hula misuli yake. Kitanda nacho huongeza: hata mzee mwenye afya, akilala siku 10 mfululizo, anaweza kupoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hapo bado hujahesabu pumzi fupi, hamu ya chakula iliyopotea, na usahaulifu. Wengine hawapati homa kabisa. Huanza kwa kuanguka au kuchanganyikiwa.

Naumia nikiona watoto, kwa mapenzi, wanamlisha, wanamvisha, wanamkataza hata kusimama. Misuli hurudi kwa kutumiwa. Mkalishe kitini, ainuke mara chache, apumzike, arudie kesho. Mpe samaki, mayai, kunde. Akipungukiwa pumzi, akiumwa na kifua au akizidi kudhoofika, mpelekeni hospitali, na mumweleze daktari alikuwa akifanya nini kabla hajaugua.