Jenereta ya Pampu: Nondo Moja ya Ardhi Haikukingi

Kaskazi ikishika, mashamba ya Mwakirunge na Mtongwe, Mombasa, hulia jenereta tangu alfajiri: watu wanavuta maji ya kisima wamwagilie mchicha, bamia na pilipili. Ndio msimu ambao ardhi imekauka, na ardhi kavu hupitisha umeme kwa shida. Mkulima naye yuko peku kwenye tope la mfereji, mkono juu ya pampu.

Wengi wamegongomea nondo ardhini kando ya jenereta, wakafunga waya, wakatulia wakiamini umeme ukivuja utaishia ardhini. Tupige hesabu. Waya umechubuka ndani ya pampu ya volti 240, umeme ukashika bodi ya chuma. Nondo ya mita 1.2 kwenye mchanga mkavu huweza kuwa na ukinzani (kizuizi cha umeme kupita) wa omu 100 au zaidi. 240 gawanya kwa 100 ni ampea 2.4. Breka ya ampea 16, swichi inayojikata mkondo ukizidi, haitashtuka. Pampu itazunguka kama kawaida huku bodi yake ina stima, na binadamu huweza kuuawa na mkondo usiofika hata ampea 0.1.

Umeme hautafuti ardhi. Unatafuta njia ya kurudi kwenye jenereta ulikotoka. Njia hiyo ni waya wa kijani na manjano, unaotoka bodi ya pampu ukafuata kebo hadi fremu ya jenereta, na nyutro, waya wa kawaida wa kurudishia umeme, iwe imeunganishwa na fremu hiyo. Hata hapo, jenereta ndogo haina msukumo wa laini ya Kenya Power, kwa hiyo breka yaweza kuchelewa. Ndiyo maana tunasisitiza swichi ya RCD ya miliampea 30, inayokata umeme mara unapovuja.

Hapa pana mtego. Jenereta nyingi za kubeba hutoka kiwandani nyutro ikiwa haijagusana na fremu. Ukiifungia RCD ikiwa hivyo, hitilafu ikitokea itanyamaza kimya. Na usidanganywe na kitufe cha T, cha kujaribia RCD: ukikibonyeza swichi itakata vizuri tu, kwa sababu kitufe hicho hupima swichi yenyewe, hakipimi kama nyutro imeunganishwa. Hilo fundi alipime kwa kifaa, baada ya kusoma kitabu cha mtengenezaji. Kama shamba lina stima ya Kenya Power pia, hesabu ya nyutro hubadilika, na swichi ya kubadilishia kati ya jenereta na Kenya Power ni ya lazima.

Nondo bado iwepo. Shanzu na Bamburi utakutana na mwamba wa matumbawe kabla nondo haijazama. Usiikate ikabaki fupi. Chimba mtaro, ulaze waya mtupu wa shaba mrefu, ufukie kwa udongo, karibu na pale maji ya umwagiliaji yanapotuama. Kumwaga chumvi, mtindo unaopendwa na baadhi ya mafundi, husaidia kwa muda, kisha mvua huiosha na yenyewe hula chuma. Upepo wa bahari unatosha kwa kazi hiyo! Kaza kwa klampu ya shaba, si kwa waya wa kufungia.

Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, naye apime ukinzani sasa, kiangazi. Kipimo cha masika kitakuwa kizuri kuliko hali utakayokuwa nayo pampu ikifanya kazi.