Konokono wa maji baridi: walivyogeuka, wanavyotoweka

Wengi humjua konokono wa maji baridi kwa ajili ya kichocho tu. Lakini wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo ni wachache mno kati ya spishi zipatazo 4,000 zilizokwisha kupewa majina. Kwetu sisi tunaochunguza visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, kiumbe huyu ni hazina. Mwili wake huoza, gamba hubaki kwenye tope, na tope hujipanga tabaka juu ya tabaka.

Huko Steinheim, Ujerumani, kimondo kilichimba shimo yapata miaka milioni 15 iliyopita, likajaa maji, likawa ziwa. Mwanasayansi Mjerumani Franz Hilgendorf alilisoma tope lake tabaka kwa tabaka, akachapisha aliyoyaona mwaka 1866. Chini kabisa magamba ni bapa kama sarafu. Ukipanda, mizingo yake inaanza kuinuka, kidogo kidogo, hadi gamba linasimama kama pia ya kuchezea. Ukizidi kupanda, yanarudi kuwa bapa. Akayachorea mti wa ukoo, miongoni mwa ya kwanza kabisa kuchorwa kutokana na visukuku. Kwangu mimi hakuna ushahidi wa mageuko ya viumbe ulio rahisi kuuona kwa macho kuliko huo.

Ziwa lile lilikauka, na konokono wake wakaisha nalo. Ndivyo walivyo: ziwa kwao ni kisiwa, hawana pa kukimbilia. Ziwa Tanganyika limedumu mamilioni ya miaka, ndiyo maana baadhi ya konokono wake wamepata muda wa kuota magamba mazito, yenye matuta na miiba, dhidi ya kaa wanaoyavunja kwa magando.

Kutoweka, basi, si jambo geni. Kilicho kigeni ni kasi. Baada ya kimondo kilichowamaliza dainosari miaka milioni 66 iliyopita, Ulaya ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya spishi zake za konokono wa maji baridi, lakini msiba huo ulichukua takriban miaka milioni 5. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 unakadiria kwamba theluthi ya spishi zinazoishi Ulaya leo huenda ikawa imetoweka ifikapo mwaka 2120.

Mto Coosa, Marekani, unaonyesha jinsi inavyotokea. Konokono wake wengi walipumua kwa matamvua na kutaga mayai juu ya mawe safi, penye maji machache yaendayo kasi. Kuanzia mwaka 1914 yakajengwa mabwawa, moja baada ya jingine. Maji yakatulia, tope likayafunika mawe. Spishi zaidi ya 30 zikapotea, pamoja na jenasi nzima (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Gyrotoma, waliokuwa na mpasuko mwembamba kwenye ukingo wa mdomo wa gamba. Leo mpasuko huo unaonekana kwenye makabati ya makumbusho tu.

Mto jirani, Cahaba, haukuzibwa kwa mabwawa makubwa kama hayo. Huko, mwaka 2011, alipatikana Leptoxis compacta, konokono aliyekuwa ametangazwa kutoweka miaka 11 kabla. Yuko hai, kwenye kipande kifupi cha mto, juu ya mawe ambayo maji bado yanayasafisha.